Mbele Bibi, Kati Mbwa, Nyuma Mkwe

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa yenu imepoa. Nyie wa kule nyuma mnatafuna nini? Paukwa!

— Pakawa!

Hapo sawa. Sasa midomo ifungwe, masikio yafunguliwe. Na mwenye tabia ya kupiga mluzi atoke nje akawapigie mbuzi, maana katika hadithi ya leo mluzi ndio uliotuharibia.

Hapo zamani za kale, babu wa babu yangu hajaota meno, palikuwa na kijiji chini ya vilima. Jina lake silisemi, wajukuu zao wasije wakaona haya. Katika kijiji hicho aliishi mjane mmoja, Bibi Mwamvita. Mrefu, mwembamba, fimbo mkononi. Utotoni mwake alipitia njaa kubwa, ile iliyokula watu, na wote waliookoka pamoja naye walikwisha kufa. Akabaki peke yake aliyejua kilicholiwa siku zile ambazo hapakuwa na cha kuliwa.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, Siwema. Siwema alizaliwa na mguu mmoja mfupi. Alipika, alitwanga, ngoma ikilia alicheza na watu wakampisha. Lakini vilima hakuviweza. Akaolewa na Pazi, na Pazi akahamia ukweni, kama ilivyokuwa desturi ya huko. Alikuwa kijana mwema, mchapakazi, mcheshi. Kulima anajua, kuezeka anajua. Na kupiga mluzi, jamani, kupiga mluzi alikuwa fundi. Ndege walinyamaza wamsikilize.

Sasa sikilizeni desturi nyingine, kwa kuwa hadithi imesimama juu yake. Katika kijiji kile mama mkwe na mkwe wake hawakutazamana usoni. Hawakusemezana. Wakikutana njiani, mwanamume aliingia majanini akageuza uso mpaka mama apite. Kukiwa na neno la lazima, lilipitishiwa mtoto. Mtoto hayupo? Aliambiwa kuku.

"Ewe kuku," mama mkwe husema uani, "nyumba hii inavuja upande wa jua linakozama."

Na mkwe aliye ndani husikia, akachukua nyasi, akapanda juu ya paa. Kuku anaendelea kudonoa. Hakuna aliyemwona mwingine kuwa mwendawazimu. Kila mtu kijijini alijua kwamba kuku haezeki nyumba. Pazi naye alijua. Liwekeni hilo, nitalirudia.

Basi, kila mwaka kipupwe kilipoingia, masika yamekwisha, mahindi yamevunjwa, nyasi zimeanza kukauka na asubuhi watu wanaota jua ukutani, Bibi Mwamvita alishika fimbo akaenda vilimani kuangalia majani ya porini. Kwa nini kipupwe? Kwa sababu masika kila kitu ni kijani, na kijani hudanganya, kinafananisha majani yote. Kipupwe mmea hujisema wenyewe. Huu unatoa mbegu, huu unageuka manjano, ule unanyauka mpaka shinani. Na iko mizizi inayolala chini ya ardhi, shina lake linatambaa juu ya miti. Kipupwe shina hilo hukauka, upepo ukalibeba, na juu ya ardhi hapabaki alama. Ukichelewa kuliona, huna pa kuchimba.

Vilimani kulikuwa na nguruwe mwitu, na bibi hakuweza kwenda peke yake. Siwema mguu haumruhusu. Kwa hiyo Pazi alitwaa mkuki akamfuata mkwewe kwa mbali, na kati yao akatembea mbwa wa bibi, Majivu, rangi yake kama jina lake.

Mbele bibi, kati mbwa, nyuma mkwe.

Fimbo: ko, ko, ko.

Mbwa: chaka-chaka-chaka.

Mkwe: fyuu, fyuu-fyuuu.

Mluzi wa nini? Ngojeni, msimlaumu kabla ya wakati wake. Ilikuwa adabu. Mkwe anayemfuata mama mkwe porini lazima ajulikane alipo, asije akamkuta mama amejikunyata kichakani kwa haja zake. Wengine walikohoa. Wengine waligonga mti mara moja moja. Pazi alipiga mluzi, kwa vile aliupenda na kwa vile aliujua. Kukohoa kidogo kungetosha. Lakini fundi akishika chombo chake, nani atamwambia basi?

Bibi akasimama penye kijimea chenye harufu kali. Ko. Majivu akasimama, akanusa, akainua mguu, akakojoa kama mwenye shamba. Cheka tu, mwanangu, mbwa huweka alama kwa kile alichopewa.

"Majivu," akasema bibi, "hiki ni kivumbasi. Ukikichoma ndani, mbu hawalali kwako."

Fyuu, fyuu-fyuuu.

Wakaenda. Mbegu za kishona nguo zikawanasa shukani. Bibi akagusa jani kwa ncha ya fimbo, jani likajikunja.

"Majivu, huyu ni kifauongo. Anajifanya maiti. Mtoto asiyelala, mwekee chini ya kichwa."

Fyuu-fyuuu.

Wakaenda, wakapanda, wakafika chini ya mwamba. Hapo palikuwa na shina limetambaa juu ya mti mkavu, majani yake matatu matatu, manjano.

"Majivu, hii ni ndiga, kiazi cha porini. Ukiila hivihivi, inakulevya, inakuua. Sisi ilituponya. Unamenya, unakata vipande, unatia kwenye maji yanayokwenda, si yanayokaa. Unaloweka mpaka..."

Fyuu, fyuu-fyuu, fyuuuu.

Nyuma kule kanga wa porini alikuwa amelia, na Pazi alikuwa akimjibu.

Mwaka ukapita. Kipupwe kikarudi. Mbele bibi, kati mbwa, nyuma mkwe. Pale pale, maneno yale yale, ila sauti ya bibi imepanda kidogo. Mwaka mwingine imepanda zaidi. Pazi aliligundua hilo. Jioni, wakinywa tembo, akawaambia wenzake:

"Mama mkwe wangu sasa masikio yamekufa. Anampigia mbwa kelele kama anaita mtu ng'ambo ya mto."

"Anamwambia nini?"

"Hili jani hiki, lile jani kile. Mbwa atafungua duka la dawa."

Wakacheka. Pazi hakuwa na ubaya, nawaambieni. Maneno ya kuku uani yalikuja na kazi: kaezeke, kachanje, kachote. Maneno ya vilimani hayakuja na kazi. Hakuambiwa afanye kitu, basi akaona hakuambiwa kitu.

Ikafika kipupwe cha mwisho. Bibi sasa alikuwa akipumzika kila penye jiwe. Walipofika chini ya mwamba, akaketi. Akamwambia Majivu habari ya ndiga tangu mwanzo, polepole, kwa sauti ya kumtosha mtu aliye ng'ambo ya mto. Mluzi ukaipanda sauti yake, ukaifunika.

Bibi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaanza kugeuza kichwa. Pazi akaliona sikio la mama mkwe, akaona ncha ya shavu. Akashtuka, akaruka majanini, akageuza uso wake akatazama mti, kama alivyofundishwa na mama yake mzazi. Alijiona ana adabu sana.

Alisimama hivyo muda mrefu. Akasikia bibi akivuta shuka lake kujifunika.

"Basi, Majivu," bibi akasema. "Twende nyumbani."

Fimbo: ko. Ko. Ko. Na Pazi, apate kujulikana alipo, akaupuliza mluzi wake njia nzima.

Haukupita mwezi, bibi akafa. Wakamzika. Pazi alilichimba kaburi mwenyewe, akalia machozi ya kweli. Majivu akalala juu ya udongo mpya, wakamkokota kumrudisha.

Kisha ikaja njaa, ile tuliyokuwa tukiambiwa.

Masika hayakuja. Vuli haikuja. Masika mengine yakaja mawingu matupu, yakapita juu ya vilima yakaenda kunyesha kwa watu tusiowajua. Maghala yakafagiliwa, hata mavumbi yake yakapikwa. Watu wakala mbegu za kupanda. Binti wa Pazi na Siwema, jina lake Nunu, aliyekuwa akikimbiza vifaranga uani kutwa, akaanza kukaa tu. Halafu akaanza kulala tu. Mikono yake ikawa vijiti.

Pazi akaketi mlangoni na mkewe, kisu mkononi, hana cha kukata.

"Mama angekuwepo," Siwema akasema, "angejua cha kuchimba."

"Mama yako, Mungu amrehemu, mwishoni alikuwa akisema na mbwa tu."

Siwema akamtazama. "Mama? Na mbwa?"

"Na Majivu. Kule vilimani. Kila jani lazima amhadithie."

"Baba Nunu, mimi nimelala nyumba moja na mama tangu nizaliwe. Hajawahi kumsemesha yule mbwa neno moja. Hapa nyumbani alimwita kwa kugonga kibuyu. Alikuwa akisema, mbwa hana haja ya maneno."

Pazi akageukia vilima.

"Alikuwa anasema na nani, Baba Nunu?"

Kila mtu kijijini alijua kwamba kuku haezeki nyumba. Kisu kikamtoka mkononi. Akaikumbuka sauti ilivyokuwa ikipanda mwaka hadi mwaka. Akalikumbuka sikio, na ncha ya shavu. Mama wa watu alikuwa tayari kuivunja desturi ya mababu ili aeleweke, na yeye akakimbilia majanini. Ilimuuma. Ilimuuma kuliko njaa, na njaa ilikuwa inamuuma kweli.

Mnaijua methali ya asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Guu la Pazi halikuvunjika. Afadhali lingevunjika, angepata kisingizio cha kutokwenda.

Asubuhi akatwaa jembe na kapu, akagonga kibuyu. Majivu akainuka, mifupa mitupu, uso umeota mvi. Akamtazama Pazi, akatazama vilima, akashika njia.

Mbele hapana mtu. Mbele mbwa, nyuma mkwe.

Mbwa: chaka... chaka... chaka.

Mkwe: kimya.

Safari hii alisikiliza. Alisikiliza kwa masikio yote, na hapakuwa na wa kusema. Majivu akasimama penye kijiti kikavu, akanusa, akainua mguu. Pazi akapiga magoti. Kivumbasi. Hicho alikikumbuka kwa harufu. Majivu akaenda, akasimama penye kichaka cha miba chenye gome jeupe. Pazi akasugua paji la uso. Bibi alikuwa amesema nini hapa? Alisema. Tena alisema sana, alisimama muda mrefu. Lakini kila alipotafuta maneno yale kichwani, aliukuta mluzi.

Mahali pengi walipita hivyo. Mbwa anasimama, mwanamume anapiga magoti, hajui. Mbwa anamngoja, kama anayetaka kumpa nafasi. Kisha wanaendelea.

Chini ya mwamba palikuwa ardhi tupu. Shina hakuna, jani hakuna. Mti mkavu ulikuwa umekwisha kuanguka. Mtu yeyote angepita. Majivu akasimama, akainua mguu, akakaa chini. Pazi akachimba. Tu, tu, tu. Akachimba mpaka kiunoni, akazikuta. Ndiga zimelala kama watoto kitandani, kubwa, zina vinyweleo. Akazitoa, akalia.

Akazibeba mpaka kijitoni. Kijito kilikuwa kimebaki kamba tu ya maji, lakini kamba hiyo ilikwenda: choro-choro-choro. Maneno aliyoyasikia akayafuata. Menya. Akamenya. Kata vipande. Akakata. Maji yanayokwenda, si yanayokaa. Akalizamisha kapu. Loweka mpaka...

Mpaka nini?

Mpaka vipande viwe laini? Viwe vyeupe? Mpaka maji yasitoe povu? Bibi aliijua dalili. Aliitamka pale, mwaka baada ya mwaka, na mwaka baada ya mwaka kanga alilia na Pazi akamjibu kanga.

Akangoja. Siku moja ikapita, akaonja kwa ncha ya ulimi, pakawaka moto. Akangoja tena. Siwema akatuma watu: mtoto hafungui macho. Akaonja, moto umepungua. Umepungua, haukwisha. Akatazama kapu, akatazama njia ya nyumbani. Majivu alikuwa amelala kando yake, ametoa ulimi, mbavu zinahesabika.

Pazi akatoa kipande, akakichoma juu ya makaa. Akakishika kiganjani.

"Majivu," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha. "Chukua, mzee wangu."

Mbwa akanusa. Akarudi nyuma hatua. Akamtazama Pazi usoni, machoni, kama ambavyo bibi hakuweza kumtazama maisha yake yote. Pazi hakuyaondoa macho yake. Akakisogeza kile kipande karibu zaidi. Na Majivu, kwa kuwa mkono ule ulikuwa wa nyumbani, akala.

Alitembea kidogo, kama walevi waliotoka penye tembo. Akakaa. Akalala. Hakuinuka.

Nyamazeni kidogo hapa. Mimi pia hunichoma mahali hapa, na nimeisimulia mara nyingi.

Pazi alimzika Majivu kando ya njia, palepale bibi alipozoea kupumzika. Kisha akalirudisha kapu majini. Akangoja kuliko alivyoweza kungoja. Choro-choro-choro. Alipoonja na ulimi ukakaa kimya, akangoja tena. Ndipo akabeba vipande nyumbani, Siwema akavipika, na Pazi akaketi mbele ya chungu.

"Mama Nunu, nitakula mimi. Jua likizama nami ni mzima, mpe mtoto. Nikilala nisiamke, usimpe. Zirudishe majini."

"Baba Nunu, humwonei mtoto huruma akikosa baba?"

"Huruma nilimwonea siku ile, nikamlisha Majivu, naye hakustahili. Sasa ni zamu yangu."

Akala. Jua likasogea. Siwema akawa anakaa mlangoni, mara atazame jua, mara amtazame mume. Jua likazama. Pazi alikuwa mzima.

Nunu akalishwa uji wa ndiga kwa kidole. Siku ile kidogo, siku ya pili kidogo. Akafungua macho. Majirani wakapewa. Kijiji kikaenda chini ya mwamba na majembe, kikachimba mpaka zikaisha.

"Mahali pengine ni wapi?" wakamuuliza Pazi.

Mahali pengine palikuwapo. Bibi alisimama mahali pengi. Lakini shina limekauka, upepo umebeba, na aliyekuwa akikumbuka kwa pua yake alikuwa amezikwa kando ya njia. Pazi aliwazungusha vilimani, akachimba hapa, akachimba pale. Mashimo matupu. Ndiga za pale mwambani ziliponya nyumba kadhaa. Nyumba nyingine hazikufikiwa. Walikufa watu ambao wasingekufa, nami sitawadanganya kwa kuwa ni hadithi.

Mvua zilirudi, kama zirudivyo. Nunu akakua, akaolewa. Watu wakasema Pazi ni mwokozi wa kijiji, wakataka kumwimbia. Akawakataza. Mluzi hakuupiga tena, hata wa kumwita mbuzi. Akimfuata mtu njiani, alikohoa.

Na kila kipupwe alikwenda vilimani. Mkwe wake, mume wa Nunu, alitembea naye bega kwa bega, maana Pazi alitaka iwe hivyo. Alimwonyesha yale machache. Hiki kivumbasi. Huyu kifauongo. Kisha wanafika penye kichaka cha miba chenye gome jeupe, na mzee anasimama.

"Hapa, baba, bibi yenu alisimama."

"Ni mti wa nini, mzee?"

"Sijui. Aliniambia."

Mpaka leo wakulima wa kijiji kile wakifika penye kichaka hicho hawakikati. Wanakizungushia jembe. Ni dawa? Ni chakula? Ni sumu? Hakuna ajuaye. Wanasema tu, hapa bibi alisimama. Na mpaka leo ndiga zao wanaziloweka kupita kiasi, siku na siku, mpaka zinabaki hazina ladha, kama mtu anakula pamba. Mgeni akiuliza, mbona mnaziloweka hivyo, wanamjibu kwamba hawajui mwisho wa yale maneno, na hawana mbwa mwingine.

Basi ndugu zangu, mkubwa akisema na kuku, akisema na mbwa, akisema na ukuta, wewe nyamaza kwanza. Huenda ukuta hauhusiki. Majuto ni mjukuu, na mjukuu huyu wa Pazi alikuwa na umri mrefu.

Hadithi yangu imeishia hapo, njiani, alipozikwa Majivu. Ukipita, kohoa kidogo, wajue uko wapi, halafu usikilize.